Hewa Inayobeba Unga: Kwa Nini Bomba Lililokokotolewa Pwani Huziba Mbeya

Msimu wa mavuno ya mpunga ukifika bonde la Usangu, vinu vya kukoboa vya Ubaruku na Igurusi hutambulika kutoka mbali kwa bomba linalotokeza ukutani na kumwaga pumba nje, na chini ya kila bomba hujengeka kilima kinachopanda siku hadi siku mpaka kinakaribia kuliziba lenyewe. Hakuna mkanda unaobeba pumba hizo, wala ndoo, wala mtu mwenye koleo. Ndani ya mashine kuna feni inayozivuta kutoka kwenye mchele na kuzisukuma hadi nje. Vivyo hivyo, katika mashine nyingi za kusaga mahindi mjini Mbeya, unga ukishapita kwenye chekeche hupandishwa na upepo hadi kwenye pipa lenye umbo la koni, ambalo mafundi huliita saikloni, kisha hushuka kwenye kiroba huku hewa ikitokea juu kupitia mfuko wa kitambaa. Kwa hiyo usafirishaji wa mizigo kwa hewa si jambo geni katika Nyanda za Juu Kusini. Kinachobadilika mtu anapotoka kwenye kinu cha mtaani na kuingia kiwandani ni umbali, uzito wa mzigo na gharama ya kukosea.

Nimefanya kazi ya ufundi mitambo katika viwanda vya Mbeya na Iringa kwa muda wa kutosha kuona mabomba mengi yakiziba, na ninaandika makala hii kwa sababu sehemu kubwa ya matatizo hayo haitokani na uzembe wa waendeshaji, kama wenye viwanda wanavyodhani mara nyingi. Hutokana na mambo mawili yasiyoeleweka vizuri: jinsi hewa inavyobeba mzigo, na jinsi hewa ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari inavyotofautiana na hewa ya pwani.

Mizigo inayozungumziwa hapa ni ya kichele, yaani ile isiyofungashwa: unga, ngano, saruji, sukari, majivu, vumbi la mbao, punje za plastiki. Kiwandani, mzigo wa namna hiyo unaweza kuhamishwa kwa mkanda, kwa skrubu ndefu inayozunguka ndani ya mfereji wa chuma, au kwa ndoo zilizofungwa kwenye mnyororo unaopanda. Njia hizo zote hutumia umeme mdogo kuliko hewa, mara nyingi kwa tofauti kubwa sana, na fundi mwaminifu humweleza mteja jambo hilo kabla ya jingine lolote. Viwanda vingi vya saruji duniani vilivyokuwa vikipandisha unga wa mawe hadi juu ya mnara wa tanuri kwa hewa vimekwisha kuhamia kwenye ndoo kwa sababu hiyo tu. Hewa huchaguliwa kwa faida nyingine. Bomba hupita mahali ambapo mkanda hauwezi kupita. Hupinda kona, hupanda ghorofa, huvuka juu ya njia ya malori, halimwagi vumbi njiani likiwa zima, na halina kitu kinachozunguka kati ya mwanzo na mwisho wake. Kwa kiwanda cha chakula, usafi huo peke yake unaweza kutosha kuhalalisha gharama ya umeme.

Mtambo wenyewe una sehemu nne. Kuna chanzo cha hewa, ambacho katika viwanda vya nafaka mara nyingi ni blowa yenye mapezi mawili yanayozunguka yakikaribiana bila kugusana, aina ambayo ndugu wawili, Philander na Francis Roots wa Connersville, jimbo la Indiana nchini Marekani, waliipatia hataza mwaka 1860 na ambayo hadi leo huitwa kwa jina lao. Kuna mlango wa kuzunguka, ambao ni gurudumu lenye vyumba linalodondosha unga kidogo kidogo ndani ya bomba huku likiizuia hewa isipande kwenye pipa la juu. Kuna bomba. Na mwishoni kuna saikloni au chujio la vitambaa linalotenganisha unga na hewa.

Mlango wa kuzunguka unastahili kuangaliwa kwa karibu kuliko unavyoangaliwa. Kati ya ncha za gurudumu na ukuta wake kuna nafasi nyembamba sana, na nafasi hiyo hupanuka kadiri chuma kinavyolika. Ikishapanuka, hewa ambayo ingebeba unga hupenya kwenda juu, na hapo huleta hasara mbili kwa wakati mmoja: bomba linapungukiwa na hewa, na unga uliomo kwenye pipa unapulizwa kutoka chini ukakataa kushuka. Mwendeshaji akiona unga haushuki, hugonga pipa kwa nyundo. Pipa hupata mabonde, mabonde huzuia unga zaidi, na mlango ulioharibika huendelea kuharibika bila mtu kuushuku.

Sasa tuje kwenye kiini. Wengi hufikiri kwamba hewa husukuma unga kama mtu anavyosukuma toroli, na kwamba ukiongeza nguvu ya msukumo mzigo utakwenda tu. Katika mfumo wa kawaida, ule ambao unga huelea ukiwa umetawanyika ndani ya hewa, kinachobeba ni kasi. Kila punje huvutwa na hewa inayoipita, na mvuto huo hutegemea uzito wa hewa kwa kila mita ya ujazo ukizidishwa kwa mraba wa kasi yake. Kasi ikishuka chini ya kiwango fulani, punje huanza kutuama kwenye sakafu ya bomba lililolala, kwanza kama matuta madogo yanayohama mithili ya mchanga wa mtoni, kisha kama tabaka tulivu, na mwisho kama kizibo. Kwa unga wa nafaka na saruji, kiwango hicho huwa karibu na mita 15 kwa sekunde, sawa na kilomita 54 kwa saa, na kwa punje nzima za mahindi au ngano hufika mita 20 kwa sekunde au zaidi.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata mafundi wazoefu. Chukua bomba linalobeba kiasi kilekile cha unga kila dakika, kisha punguza hewa polepole. Mwanzoni kanieneo, yaani nguvu ya msukumo wa hewa inayosomeka kwenye geji, hushuka, kwa sababu hewa inayokwenda taratibu husuguana kidogo na ukuta. Kisha hufika mahali ambapo haishuki tena, na ukiendelea kupunguza hewa huanza kupanda, kwa kuwa sasa unga unatuama na kuibana njia. Kwa hiyo geji iliyopanda inaweza kuwa na maana mbili zinazopingana: hewa imezidi, au hewa imepungua. Anayeitazama geji peke yake, bila kujua yuko upande gani wa bonde hilo la kushuka na kupanda, anabahatisha.

Tena, blowa ya aina ya Roots husukuma ujazo uleule wa hewa kila inapozunguka, na hewa hubanika. Kanieneo ikipanda kwenye mwanzo wa bomba, hewa pale hubanwa ikachukua nafasi ndogo, kwa hiyo kasi yake hushuka. Kasi ikishuka, unga hutuama zaidi. Unga ukituama, kanieneo hupanda tena. Mzunguko huo ukianza, bomba linaweza kujaa kwa sekunde chache, vali ya usalama ikafunguka kwa mlio mkali, na hewa yote ikaishia nje. Dawa yake katika sekunde hizo chache ni kusimamisha unga. Kuongeza unga ili usukume ule uliokwama, jambo nililoshuhudia zaidi ya mara moja, hugeuza kazi ya dakika 5 kuwa kazi ya shifti nzima ya kufungua viungo.

Kwa kuwa hewa hubanika mwanzoni na kutanuka kadiri inavyokaribia mwisho, kasi ndani ya bomba lenye kipenyo kimoja hailingani. Ndogo kuliko zote huwa pale unga unapoingia, na kubwa kuliko zote huwa mwishoni. Ndiyo sababu bomba huziba karibu na mlango wa kuzunguka na hutoboka karibu na saikloni, na ndiyo sababu mabomba marefu hupanuliwa kipenyo hatua kwa hatua.

Tofauti ya pwani na nyanda za juu inaingia hapo hapo. Usawa wa bahari, uzito wa anga hutukandamiza kwa kanieneo ya takriban kilopaskali 101. Mbeya mjini, kwenye mita zipatazo 1,700, ni kama kilopaskali 83. Iringa ni nafuu kidogo, Njombe ambayo inakaribia mita 2,000 ni pungufu zaidi, ilhali Kyela, karibu na Ziwa Nyasa kwenye mita kama 500, ina hewa iliyo karibu na ya pwani ingawa imo katika mkoa uleule wa Mbeya. Mtu akipanda milima ya Rungwe kutoka Kyela hadi Uyole, pembezoni mwa jiji la Mbeya, anahisi baridi. Asichohisi ni kwamba kila mita ya ujazo ya hewa imepungua uzito kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho, kwa sababu namba zake zinaonyesha jambo ambalo maneno hayawezi kulifikisha. Blowa inavuta mita 11 za ujazo za hewa kila dakika na kuzipeleka kwenye bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 100. Mzigo wa unga na urefu wa bomba vinahitaji kanieneo ya kilopaskali 40 juu ya ile ya anga. Dar es Salaam, hewa inayovutwa ikiwa na kilopaskali 101 itabanwa hadi 141, na kasi pale unga unapoingia itakuwa kama mita 16.7 kwa sekunde. Mbeya, hewa ya kilopaskali 83 itabanwa hadi 123. Uwiano wa mbano huo ni mkubwa zaidi, hivyo hewa hujikunja zaidi na kasi hushuka hadi kama mita 15.8 kwa sekunde. Mita moja inaonekana si kitu. Lakini hewa yenyewe nayo ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 pale pale, na mvuto kwenye punje hufuata uzito wa hewa na mraba wa kasi. Ukizidisha yote mawili, na ukiacha pembeni tofauti ya joto la miji hiyo miwili, nguvu inayoshika kila punje ya unga Mbeya imepungua kwa zaidi ya asilimia 20 ikilinganishwa na Dar es Salaam, ingawa blowa ni ileile, bomba ni lilelile, na geji inasoma namba ileile.

Nimeukuta mfano huo ukiwa hai. Kiwanda kimoja cha kusaga mahindi, nje kidogo ya mji wa Mbeya, kilinunua mtambo uliokuwa ukifanya kazi vizuri kabisa kwa mwenzake wa pwani. Hapa ulianza kuziba siku ya pili. Mahali pa kuzibia palikuwa palepale kila mara: chini ya bomba la wima, mita chache baada ya unga kuingia, na bomba lilikuwa limepigwa nyundo hadi limepoteza uduara wake. Mwendeshaji wa shifti ya usiku, mama mtu mzima aliyekuwa na miaka mingi kwenye kazi ya unga, alinichukua mkono akauweka juu ya bomba. "Sikiliza kwa kiganja, fundi," alisema. "Likiwa zima linatetemeka kama paka. Likikaribia kuziba linatulia." Alikuwa sahihi kabisa. Mtetemo mdogo ule ni punje zinazogonga ukuta, na utulivu ni tabaka la unga lililolala chini na kuufunika ukuta usigongwe. Alikuwa akijua kuziba kunakuja kama dakika moja kabla ya geji kuonyesha, na kwa miezi mitatu hakuna aliyemuuliza.

Tulipofungua makaratasi ya mtambo tulikuta mahesabu yote yamefanywa kwa hewa ya usawa wa bahari. Suluhisho la kwanza lilikuwa kupunguza kiasi cha unga kinachoingia, ili kanieneo ishuke na kasi ipande. Uzalishaji ulipungua, lakini bomba liliacha kuziba. Suluhisho la kudumu lilikuwa kubadili puli za blowa ili izunguke kwa kasi zaidi kwa asilimia 12 hivi, baada ya kuhakikisha kwamba mtengenezaji anaruhusu mzunguko huo na kwamba mota ina nguvu ya ziada. Jambo la mwisho hilo si la kupitia haraka. Kiwango cha nguvu kilichoandikwa kwenye mota za kawaida za umeme kinahusu matumizi hadi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Juu ya hapo hewa nyepesi haiipoozi mota ipasavyo, na mota haipaswi kubebeshwa mzigo wake wote ulioandikwa isipokuwa mtengenezaji ameeleza vinginevyo. Mbeya, Iringa, Mafinga na Njombe zote ziko juu ya mita 1,000.

Kwa mitambo ya kunyonya hali ni nzito zaidi. Baadhi ya viwanda hutumia blowa iliyowekwa mwishoni ili ivute hewa na unga kutoka sehemu nyingi kwa wakati mmoja, mpangilio mzuri kwa sababu tundu likitokea hewa huingia ndani badala ya unga kutoka nje. Lakini mtambo wa kunyonya unategemea kanieneo ya anga kuwa ndiyo inayosukuma, na Mbeya kanieneo hiyo ni pungufu tangu mwanzo. Ukivuta kilopaskali 40 kutoka 101, unabakiwa na 61. Ukivuta 40 kutoka 83, unabakiwa na 43 tu. Nikifuata hesabu ileile, nguvu inayoishika punje mahali inapoingia hupungua kwa karibu asilimia 40. Kwa maoni yangu, kiwanda cha nyanda za juu chenye umbali mrefu kisichague kunyonya bila sababu nzito, na kikichagua, blowa iwe kubwa kuliko ile ambayo katalogi inapendekeza.

Kuna njia nyingine kabisa ya kutumia hewa, ambayo haihitaji kasi kubwa. Badala ya kuutawanya unga, mtambo huujaza kwenye chungu kikubwa cha chuma, huufunga, kisha hupuliza hewa ya kompresa yenye kanieneo ya kilopaskali mia kadhaa ili unga utoke kama vipande vinavyofuatana au kama mto mzito unaotambaa, mara nyingi kwa mita chache tu kwa sekunde. Hewa inayotumika ni kidogo kwa kila kilo ya mzigo, bomba haliliki haraka, na vitu laini kama punje za sukari au chai havivunjiki. Ila si kila kitu kinakubali kusafirishwa hivyo. Mwaka 1973, mhandisi Derek Geldart aliyagawa makundi ya unga na punje kuwa manne kwa kuangalia ukubwa na uzito wake na jinsi yanavyopokea hewa, na mgawanyo huo bado ndio mahali pa kuanzia.

Anayetaka kuona maana yake bila maabara achukue chupa mbili za maji zilizokauka vizuri, atie saruji katika moja hadi nusu, na katika nyingine atie chenga za mahindi. Atikise zote mbili kwa nguvu kisha azisimamishe. Chenga hutulia papo hapo. Saruji huendelea kuchezacheza kama maziwa kwa muda, na ukiinamisha chupa hutiririka, kwa kuwa imeishika hewa kati ya chembe zake na haitaki kuiachia. Unga unaoishika hewa namna hiyo unaweza kutambaa ndani ya bomba kwa wingi kama kimiminika. Chenga haziwezi, kwa sababu hewa hupita katikati yake zikabaki zimekaa.

Tabia hiyo ya saruji ndiyo inayomwezesha dereva wa boza la saruji kupakua tani nyingi hadi juu ya kihenge cha mtambo wa zege bila mtu kugusa koleo. Mahali pa ujenzi wa barabara utamwona akiunganisha mpira mnene, akifungulia hewa kwanza kwenye tangi mpaka geji ikaribie kilopaskali 200, kisha akifungua vali ya chini kidogo kidogo huku mguu wake mmoja ukigusa mpira. Mpira ukirukaruka anapunguza saruji na kuongeza hewa. Ukilala kimya kabisa huku geji ikipanda, anafunga saruji haraka. Ni elimu ileile ya kiganja.

Kona za bomba zinahitaji neno la pekee. Punje hazipindi kama hewa. Hunyooka na kuugonga ukuta wa nje wa kona, kisha huondoka zikiwa zimepoteza kasi na kuhitaji mita kadhaa za bomba lililonyooka ili ziipate tena. Kona mbili zilizofuatana kwa karibu, ambazo mafundi wa kuunga mabomba hupenda kuziweka ili kukwepa nguzo, ni mwaliko wa kuziba. Bomba lililoinama kama ngazi ni baya zaidi, kwa kuwa unga huteleza chini na kurudi ulikotoka. Ni heri kwenda mlalo kisha kupanda wima, hata kama bomba litakuwa refu kidogo. Ulikaji wa kona nao haufuati kasi kwa uwiano wa moja kwa moja. Huongezeka kwa kasi hiyo ikipandishwa kwenye kipeo cha kati ya 2.5 na 3, maana yake ukiongeza kasi maradufu, kona italika haraka mara 6 hadi 8. Kwa mizigo mikali kama saruji na majivu, kona yenye umbo la T ambalo tawi lake moja limezibwa hudumu kuliko kona ya mviringo, kwa sababu mzigo hujaa kwenye tawi lililozibwa na punje zikagonga punje wenzao badala ya chuma. Huo ndio upande wa pili wa ushauri wangu wa kuongeza kasi kwa ajili ya hewa nyepesi: kiongezwe kinachohitajika tu. Hapo mwisho wa bomba, hewa ya Mbeya katika mfano wetu inakwenda zaidi ya mita 23 kwa sekunde, kama kilomita 84 kwa saa, na baada ya kubadili puli huwa zaidi ya hapo.

Baridi yetu nayo ina sehemu yake. Asubuhi za Juni na Julai, ambapo joto Mbeya huweza kushuka chini ya nyuzi 10, unga unaotoka kwenye vinu ukiwa na moto na mvuke hukutana na bomba la chuma lililolala nje usiku kucha. Mvuke huo hugeuka maji kwenye ukuta wa bomba, unga hushika, na baada ya wiki chache bomba la milimita 100 limekuwa la 90 kwa ndani, lenye ukoko unaonuka uchachu. Kufunika sehemu ya nje ya bomba kwa nyenzo ya kuzuia baridi husaidia, na kuendesha blowa bila unga kwa dakika 10 kila asubuhi husaidia zaidi, kwa sababu hewa inayobanwa hutoka ikiwa na moto na kulipasha bomba. Kwa saruji inayosafirishwa kwa hewa ya kompresa, kikaushio cha hewa ni lazima. Hewa ikibanwa sana huachia maji, na saruji ikikutana na maji ndani ya bomba hutengeneza jiwe.

Jambo ambalo sitaki lisomwe kwa haraka ni vumbi. Unga wa mahindi, ngano, sukari, chai na mbao huwaka, na ukitawanyika hewani kwa kiasi cha kutosha hulipuka. Kwa unga wa nafaka, gramu 50 au 60 kwa kila mita ya ujazo zinatosha, pamoja na cheche. Tarehe 2 Mei 1878, kinu cha Washburn A mjini Minneapolis, Marekani, kililipuka na watu 18 wakafa. Miaka 130 baadaye, tarehe 7 Februari 2008, kiwanda cha sukari huko Port Wentworth, jimbo la Georgia, kililipuka na kuua watu 14. Katika matukio ya namna hii mlipuko mdogo wa kwanza huwa si muuaji mkubwa. Hutikisa jengo, hudondosha vumbi lililolala miaka mingi juu ya mihimili na mabomba, na vumbi hilo ndilo linalowaka mara ya pili.

Unga unaokwenda kwa kasi ndani ya bomba huzalisha umeme tuli, hasa miezi ya kiangazi ambapo hewa ya nyanda za juu ni kavu. Kila kipande cha bomba kinapaswa kuunganishwa na kingine kwa waya wa shaba unaovuka kiungo, kwa sababu gasketi ya mpira iliyopo katikati huukata umeme usipite, kisha bomba lote liunganishwe na ardhi. Nimekuta viwanda ambavyo waya huo ulifunguliwa siku ya matengenezo na haukurudishwa. Ni waya mfupi usiozidi urefu wa kiganja, hauonekani kufanya kazi yoyote, na mtambo huendelea kuzunguka bila huo kana kwamba hakuna kilichopungua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake, na mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali unaosimamia sheria hiyo, akifika ana haki ya kuuliza. Lakini mkaguzi haji kila siku. Anayepita chini ya bomba hilo kila siku ni mwendeshaji, na yeye ndiye anayepaswa kufundishwa kuutafuta waya huo kwa macho. Afundishwe pia kutazama juu ya mihimili: vumbi likiwa nene kiasi cha mtu kuweza kuandika jina lake kwa kidole, kazi isimame lifagiliwe au livutwe kwa mashine ya kufyonza, wala lisipulizwe kwa hewa ya kompresa, kwa kuwa kulipuliza ni kulitawanya hewani.

Kwa mwenye kiwanda anayetaka kununua mtambo, swali la kwanza kwa muuzaji liwe ni kanieneo gani ya anga iliyotumika katika mahesabu yake. Akijibu kwa kutaja kimo cha mahali kiwanda kilipo, mazungumzo yanaweza kuendelea. Akijibu kwamba mtambo ni wa kawaida na unafanya kazi popote, apewe namba ya kimo na aombwe kurudi na mahesabu mapya, yenye kasi ya mwanzo wa bomba na kasi ya mwisho wake, kwa maandishi. Namba hizo mbili zinaonyesha mengi kuliko picha zote za katalogi.

Na kwa mwendeshaji, mpangilio wa kuwasha na kuzima ndio unaolinda kila kilichoelezwa hapa. Asubuhi blowa iwashwe kwanza, bomba lipashwe, na namba iliyopo kwenye geji wakati bomba ni tupu iandikwe kwenye daftari la shifti. Kisha mlango wa kuzunguka uwashwe, na unga uachiwe mwisho. Jioni mpangilio hugeuzwa: unga husimamishwa kwanza, mlango huachwa uzunguke mpaka vyumba vyake vimekwisha, na blowa huendelea kupuliza. Geji itashuka polepole, itasitasita kidogo wakati unga wa mwisho unapanda bomba la wima, kisha itarudi kwenye namba ile ya asubuhi. Hapo ndipo blowa huzimwa.